Kivimbe nyuma ya goti la Imu
(kikundi cha familia, Chumbageni)

Mama Imu: Assalam aleikum, shikamooni wakubwa. Nimemwogesha Imu jioni hii nikaona kivimbe nyuma ya goti la kulia, kama ndimu ndogo. Mwenyewe anasema hakiumi, na mpira kacheza leo. Picha hiyo.

Bibi: Marahaba mwanangu. Hiyo mitoki. Mkande kwa maji moto na chumvi, kesho nimwite mzee amchanje chale.

Baba Mdogo Kassim: Jamani, uvimbe si wa kuchezea. Kama ni saratani je? Mpelekeni Muhimbili!

Shangazi Zuu: Wifi, usikande wala usikiminye. Mama, nakuomba chale tuziache, wembe utaingiza vijidudu mahali ambapo ni pasafi. Wifi, akinyoosha mguu kinakuwaje? Akikunja?

Mama Imu: Akinyoosha kinatokeza, kinakaza. Akikunja kinalegea, hata kukipata kwa kidole kazi.

Shangazi Zuu: Kiko upande wa ndani wa goti? Ngozi ina joto au wekundu? Homa? Anachechemea?

Mama Imu: Wa ndani ndiyo. Hayo mengine hana hata moja.

Shangazi Zuu: Zima taa, weka tochi ya simu ubavuni mwa kivimbe.

Mama Imu: Wifi, kinawaka chote!!

Shangazi Zuu: Alhamdulillah. Kwa dalili hizo, ndani mna maji, si nyama. Nyuma ya goti kuna vifuko vidogo vya ute vinavyozuia misuli isisuguane. Kimoja kikijaa ndiyo hicho. Kinaitwa sisti ya Baker, jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1877. Kwa mtu mzima mara nyingi goti limechakaa. Kwa mtoto goti lenyewe huwa zima, na kivimbe kwa kawaida huondoka chenyewe, ingawa kinaweza kuchukua mwaka, miwili au zaidi. Hata kukipasua hakuna haraka, kwa watoto hurudi sana. Ila tochi si daktari, mpelekeni hospitali ya Bombo apigwe utrasaundi.

Baba Mdogo Kassim: Dada, saratani tutaijuaje sasa?

Shangazi Zuu: Swali la maana. Uvimbe mgumu usiosogea, unaokua wiki hadi wiki, uliopita sentimita 5, au uliojificha ndani ya nyama. Uvimbe wowote juu ya mtulinga. Mtoto kukonda, homa zisizoisha, jasho la usiku. Na taya! Ukanda wetu huu una limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala. Taya linavimba, meno yanalegea, na inakwenda mbio mno. Watoto wanapona kwa dawa wakiwahishwa, ndiyo maana inaniuma mtoto akizungushwa kwanza kwa waganga. Ukiona hivyo usisubiri hata Jumatatu.

Saida Mombasa: Shangazi, na huyu wangu wa miezi mitatu? Ana kivimbe chekundu kichwani, kilianza baada ya kuzaliwa na kinakua.

Shangazi Zuu: Inaelekea ni hemanjioma, mishipa ya damu. Hukua miezi ya mwanzo, kisha hunywea taratibu kwa miaka. Usipake kitu. Mwonyeshe daktari, na ingekuwa karibu na jicho au mdomo, au ingechubuka, ningekwambia nenda leo. Ipo dawa, propranolo, ile ile ya moyo na presha.

Bibi: Kwa hiyo mitoki hakuna siku hizi?

Shangazi Zuu: Ipo mama, na hujakosea, tezi za kinena na kwapa huvimba mtoto akiwa na kidonda. Hupungua zenyewe. Za shingoni zikikaa wiki nyingi, na nyumbani kuna mtu anakohoa, apimwe kifua kikuu.

Bibi: Haya, chale basi. Lakini Bombo nakwenda naye mimi.

Baba Imu: Tumetoka hospitali sasa hivi. Ni maji matupu, mishipa iko salama. Turudi baada ya miezi 6. Mama kamuuliza daktari maswali mpaka foleni ikanung'unika.

Shangazi Zuu: Kipimo wameandika?

Baba Imu: Sentimita 2.5 kwa 1.5.

Shangazi Zuu: Piga picha karatasi uiweke humu, tutalinganisha. Mpira acheze. Akianza kuchechemea, au goti likavimba mbele, msingoje hiyo miezi 6.