Usharika wetu unaandika tamko la kumkaribisha kila mtu: liseme nini?

Mzee wa Kanisa, Arusha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Arusha. Baraza letu la wazee limeazimia kuandika tamko fupi, litakalobandikwa mlangoni na kusomwa wakati wa matangazo, kwamba usharika unamkaribisha kila mtu na kumshirikisha katika maisha yote ya kanisa. Hoja ililetwa na vijana na hakuna aliyeipinga. Ugumu ulianza tulipokaa kuandika. Wapo wanaosema inatosha kurudia Warumi 15:7, kwamba tukaribishane kama naye Kristo alivyotukaribisha. Wengine wanataka tutaje wazi ni akina nani: viziwi, wasioona, wanaotumia viti mwendo, watu wenye ualbino, wajane, wafanyakazi wa ndani, wasio na uwezo wa kutoa ahadi ya sadaka, na mabinti waliozaa kabla ya ndoa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tamko linaweza kuwa zuri kuliko sisi wenyewe. Yupo mama anayetumia kiti mwendo, ambaye kila Jumapili hukaa nyuma kabisa kwa sababu mlango wa nyuma ndio pekee usio na ngazi. Wakati wa Chakula cha Bwana, mchungaji humfuata pale alipo baada ya washarika wote kumaliza. Anapokea, ndiyo, lakini anapokea peke yake, wakati wenzake wamekwisha kurudi kwenye mabenchi na kwaya imeanza wimbo mwingine. Ikifika zamu ya wageni kusimama na kujitambulisha, nimeona baadhi yao wakitoka nje mapema ili wasionekane. Na siku ya mavuno, mnada unapopamba moto, asiye na kitu hubaki ameinamisha kichwa hadi ibada imalizike.

Je, tuandike kwanza tamko ndipo turekebishe haya, au tuanze na marekebisho? Naomba ushauri wa walio katika sharika zilizopita njia hii.

Mwinjilisti, Tanga

Amen, mzee wangu. Ningeshauri muanzie kwenye Meza ya Bwana, kwa sababu hapo ndipo Kanisa letu limewahi kulipima jambo hili kwa uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 1977, Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Mkutano huo ndio uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika ni suala la ungamo la imani, wala si maoni ya kisiasa ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana kwa amani. Miaka saba baadaye, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu kutoka Kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu hayakuachana waziwazi na mfumo ule. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia watu wakisema kuwashirikisha wote ni mtindo mpya ulioletwa na wafadhili. Tamko zito kuliko yote kuhusu nani ashiriki pamoja na nani lilitolewa hapa nchini kwetu, chini ya mwana wa Kagera.

Halafu rejeeni Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, hati kuu ya imani ya Walutheri, kifungu cha 7: kanisa ni kusanyiko la watakatifu, ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Mimi huwauliza wazee wenzangu swali moja. Mahubiri yakitolewa kwa sauti pekee, na katika benchi la tatu ameketi kiziwi asiye na mkalimani, je, kwake yeye Injili imefundishwa siku hiyo? Kwa imani yangu, haijafundishwa, na hilo ni pungufu la kanisa, si la masikio yake.

Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ina shule ya wasioona pale Irente, Lushoto, na ndugu zetu wa Pare wana shule ya viziwi Mwanga. Ni kazi njema sana. Hata hivyo nimeona namna kazi hiyo inavyoweza kutufariji kupita kiasi: mtoto anasomeshwa katika shule ya kanisa, anamaliza, anarudi kwenye usharika wa nyumbani, na huko hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Alama. Tukipata mkalimani, tunamsimamisha dirishani ili asizibe kwaya, na mwanga unaotoka nyuma yake unaufanya uso na mikono yake kuwa kivuli kitupu. Mkalimani asimame mbele, karibu na mimbari, mwanga ukimwangukia usoni, na viziwi wapewe mabenchi ya mbele upande huo. Hilo halihitaji harambee wala kikao cha jimbo.

Mama wa Kipaimara, Kilimanjaro

Shikamoo, mzee. Namshukuru mwinjilisti, ila naomba tusiishie kwenye ngazi na madirisha, maana wapo watu wenye miguu mizima ambao hawaifikii Meza hiyo.

Nafundisha kipaimara, na kila mwaka namwona binti ambaye nilimfundisha mwenyewe akisimama mbele ya usharika ili kurudi kundini baada ya kuzaa nje ya ndoa. Anasimama akiwa peke yake, huku mtoto amebebwa na bibi yake kwenye benchi la nyuma. Kijana aliyempa mimba mara nyingi anajulikana, na pengine Jumapili hiyohiyo yumo kwenye kwaya amevaa joho. Sipingi nidhamu ya kanisa. Toba ni yetu sote, na kila ibada tunaianza kwa kuungama. Ninachokipinga ni mzigo wa watu wawili kubebeshwa mmoja, na huyo mmoja kuwa daima ni msichana. Mchungaji anaweza kuwasikiliza wote wawili ofisini, kuwaombea, na kuwarudisha Mezani bila kumweka yeyote kuwa tamasha la macho ya watu. Kama tamko lenu litawataja mabinti hawa bila utaratibu kubadilika, ni afadhali msiwataje.

La pili ni bahasha za ahadi. Kuna familia ambazo zikifiwa, jambo la kwanza wanaloulizwa ni kama marehemu alikuwa akitoa ahadi yake, na wafiwa wanaanza kutafuta kadi ya ahadi kabla ya kutafuta sanda. Yakobo 2 inazungumza juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu kukalishwa mahali pazuri na maskini kuambiwa asimame kule. Andikeni wazi kwamba mtu hatanyimwa huduma ya maziko kwa sababu ya kadi tupu.

Wala tusikate tamaa kwamba utaratibu haubadiliki. KKKT ilikubali mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na mwaka uliofuata wa kwanza wakabarikiwa, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba washarika hawatapokea sakramenti kutoka mikononi mwao. Leo wanazipokea.

Mlutheri, Minnesota

Salamu kutoka Saint Paul, ambako sinodi yetu, yaani dayosisi kwa lugha yenu, ina ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa uitwao Bega kwa Bega.

Huku Marekani matamko ya namna hii ni ya kawaida sana, na kuna mpango ulioanzishwa mwaka 1984 ambao usharika hujiunga nao kwa kutangaza hadharani kwamba unawakaribisha pia watu wanaovutiwa na jinsia yao. Mwaka 2009, mkutano mkuu wa kanisa letu la Kilutheri la Marekani, ELCA, uliofanyika Minneapolis uliruhusu watu wa namna hiyo walio katika uhusiano wa kudumu kuhudumu kama wachungaji. Mnajua kwamba maaskofu wa KKKT walijibu kutoka Dodoma mwaka 2010 kwa kuukataa uamuzi huo. Siandiki ili kuufungua mjadala huo upya. Naandika kwa sababu utaratibu wenyewe wa kutunga tamko unaweza kuwafaa. Hapa usharika hujifunza kwa miezi kadhaa kabla ya kupiga kura, na wale wanaotajwa hualikwa kueleza wenyewe kilichowafukuza. Ndiyo maana mimi niko upande wa kutaja makundi. Mtu aliyewahi kurudishwa mlangoni anajua kwamba hata waliomrudisha walikuwa wakisema wanawapenda watu wote.

Mzee wa Kanisa, Arusha

Nashukuru sana, wapendwa wote. Kuhusu ndoa za jinsia moja, msimamo wa KKKT unajulikana na baraza la usharika mmoja halina mamlaka ya kuubadilisha. Lakini nakubali kwamba hakuna mtu anayepaswa kuzuiwa kulisikia Neno, wala kutukanwa kutoka mimbarini. Nitapeleka barazani pendekezo kwamba tuwasikilize kwanza watakaotajwa, akiwemo yule mama, na kwamba kila sentensi ya tamko iambatane na jambo moja lililokwisha kufanyika. Suala la maziko na la kurudi kundini nitamwomba mchungaji aliweke kwenye ajenda. Mwinjilisti, kwa kujenga njia ya mteremko mlango wa mbele, mnatumia vipimo gani?

Mwinjilisti, Tanga

Kwa kila kimo cha sentimita 1, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12 au zaidi. Ngazi zenu zikiwa na kimo cha sentimita 45, mnahitaji mita 5.4, pamoja na mahali tambarare pa kupumzikia mlangoni na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Msisahau ngazi ya madhabahuni, maana sharika nyingi hujenga njia nzuri hadi mlangoni kisha ngazi moja ya ndani ikaharibu kazi yote. Mpeni fundi vipimo kwa maandishi, kwa kuwa wengi hujenga mteremko mfupi wa kupandishia mikokoteni, nao ni hatari kwa mtu anayejisukuma mwenyewe.