Nafundishaje Mlima Kilimanjaro kwa watoto wa darasa la tano ambao hawajawahi kuuona?

Ticha_Kusini:
Wakuu habari zenu. Mi nafundisha jiografia darasa la tano huku Mtwara, na sasa naingia mada ya sura ya nchi na tabia ya nchi. Nimeamua nisirukeruke, nichukue mlima mmoja tu, Kilimanjaro, tukae nao wiki kadhaa na kila kitu nikifundishie humo humo, ramani, hali ya hewa, mito, watu, vyote. Shida watoto wangu hawajauona na wengi hawatauona karibuni, kilima wanachokijua ni kile cha kupanda kwenda Newala. Ukiwauliza Kilimanjaro ina urefu gani darasa zima linaitikia "mita elfu tano mia nane tisini na tano!" halafu ukiuliza hizo mita ni nyingi kiasi gani, kimya. Projekta hatuna, umeme unakuja unakatika, vitabu wanashea. Nina chaki, viroba vya kuchorea na uwanja mkubwa wa shule. Mliofundisha kitu hiki naombeni msaada, nianzie wapi?

mama_wa_chaki:
Mwalimu hongera kwa kuchagua mlima mmoja, hapo umeshapata nusu ya kazi. Kuhusu urefu, watoe nje. Mita 5,895 ni karibu kilomita 6, kwa hiyo tafuta sehemu wanayoijua iliyo kilomita 6 kutoka shuleni, sokoni au kijiji cha jirani, waambie ile njia yote mnayotembea mpaka kule ukiisimamisha wima ndo Kilimanjaro. Utaona macho yao.

Halafu usiende kwenye majina ya vilele kwanza, nenda kwenye joto, maana watoto wa pwani joto wanalijua vizuri kuliko kitu chochote. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6 hivi. Chora mlima kwenye kiroba, chini kabisa andika Mtwara nyuzi 30, halafu waache wao wenyewe wapige hesabu wakipanda kwa njia ya Marangu. Kituo cha Mandara kama mita 2,700 wanapata nyuzi 14, Horombo kama mita 3,700 wanapata 8, kituo cha Kibo kama mita 4,700 wanapata 2, wakifika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya mlima, inakuja hasi 5 na hapo watakwama kwa sababu namba hasi wengi hawajazizoea, basi chora mstari wa namba hapo hapo ubaoni, hesabu na jiografia zinakwenda pamoja. Ukishafika hapo swali la kwa nini kuna barafu karibu kabisa na ikweta wamelijibu wenyewe, hujasema neno. Waambie tu kwamba hiyo ni hesabu ya kukadiria, usiku kule juu baridi inazidi hapo.

mzaliwa_wa_migombani:
Naongezea kama mtu niliyekulia upande wa Kibosho. Vitabu vingi vinauchora mlima utafikiri hauna watu, naomba sana watoto wako wawaone watu. Kuanzia chini kuna vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa chini ya miti mikubwa, na maji yanafika kwa mifongo, ile mifereji waliyochimba mababu wakiyatoa mtoni na kuyatembeza kwenye miteremko mpaka nyumbani kwa mtu. Juu ya vihamba unaanza msitu, juu ya msitu vichaka na ile mimea mikubwa ya senesio yenye shina nene, halafu jangwa la mawe, halafu barafu. Mtoto akizipanga hizo kanda tano kwa kuuliza "hapa mtu anaweza kulima nini?" hasahau.

Na jambo moja naliomba kwa moyo wote, usiwafundishe kwamba mito yetu inatoka kwenye barafu. Inasemwa sana lakini siyo kweli, sehemu kubwa ya maji inatoka kwenye msitu. Upepo wa baharini unakuja na unyevu, unagonga mlima upande wa kusini, unapanda, unapoa, mvua inashuka, msitu wa huku unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa kaskazini kule Rongai kukavu. Barafu kweli inaisha, kati ya 1912 na 2011 eneo lake limepungua kwa asilimia kama 85, inauma, ila mtoto akijua maji yako msituni ataelewa kwa nini kukata miti kule ni hatari zaidi. Halafu wafuatishe maji kwa kidole kwenye ramani, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme pale Hale, yanamwagika Bahari ya Hindi. Bahari hiyo hiyo ya kwenu Mtwara!

dira_na_ramani:
Kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, ndo zinatesa watoto, mi nazifundisha kwa beseni. Finyanga mlima kwa udongo wa mfinyanzi ndani ya beseni, simamisha rula pembeni, mimina maji mpaka sentimita 2, mtoto achore kwa msumari pale maji yanapogusa udongo, ongeza sentimita 2 nyingine, chora tena, mpaka juu. Mwaga maji, waambie wasimame waangalie kutokea juu kabisa. Pale penye mteremko mkali mistari imebanana, penye tambarare imeachana, na wataiona wenyewe kabla hujawaambia.

Ufinyange wa vilele vitatu, Shira magharibi, Kibo katikati, Mawenzi mashariki. Mawenzi utengeneze umechongoka na kumeguka, Kibo uuache na kreta juu, lile shimo la volkano. Hapo wape ile hadithi ya Wachaga ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo kila mara mpaka Kibo akachoka akampiga na mchi, halafu uwaulize maumbile yenyewe yamefanyaje. Mawenzi ni volkano iliyozimika zamani sana na mmomonyoko umeila, Kibo amelala tu, mpaka leo ndani ya kreta kuna sehemu zinatoa mvuke wa salfa.

Ticha_Kusini:
Asanteni sana jamani, yaani nimeandika kila kitu kwenye daftari. Jumatatu naanza na joto. Swali moja kwa dira_na_ramani, hilo beseni nitumie skeli gani ili vilele visipishane?

dira_na_ramani:
Sentimita 1 iwe mita 500. Kibo inakuja karibu sentimita 12, Mawenzi yenye mita 5,149 ni 10 na kidogo, Shira kama 8. Kila maji yakipanda sentimita 2 ni mita 1,000, yanaendana na hesabu ya joto ya mama_wa_chaki, kwa hiyo kwenye kila mstari wabandike na nyuzi zake. Udongo uache ukauke kidogo kwanza, ukiwa mbichi sana Mawenzi yako itaanguka kwenye maji.