Msaada: Akili yangu inakimbilia baya kwanza, naibadilishaje?

Mtafuta Utulivu:
Habarini wakuu. Bosi akiniandikia "njoo ofisini", kabla sijainuka nimeshajiona nafukuzwa kazi. Simu ya nyumbani ikiita usiku, kwangu ni msiba tayari. Moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, na saa 9 usiku usingizi umekatika. Nikijiambia "acha kuwaza", mawazo ndiyo yanazidi. Nasikia akili inaweza kufunzwa kuwaza tofauti. Wenye ujuzi, inafanyikaje hasa?

Mnasihi wa Moro:
Pole sana ndugu yangu. Njia ipo, inaitwa tiba ya fikra na tabia. Aliyeijenga ni daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, kuanzia miaka ya 1960.

Kwanza achana na hiyo "acha kuwaza". Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwakataza watu kumfikiria dubu mweupe kwa dakika 5, na akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa tu. Ili ujue kama wazo limeondoka, lazima uendelee kulichungulia, na kulichungulia ndiko kunakolirudisha.

Badala yake lipime. Chukua daftari, chora safu tano: tukio, wazo, hisia na nguvu yake (0 hadi 100), ushahidi wa pande zote mbili, wazo jipya. Kwenye tukio andika kile ambacho yeyote aliyekuwepo angekiona: "Bosi ameandika njoo ofisini." Ukiandika "bosi amekasirika" umeshaingiza wazo kwenye safu ya tukio, na wengi huharibu zoezi hapo hapo. Kosa la pili ni kuandika wazo kama swali. "Itakuwaje wakinifukuza?" haipimiki. Igeuze iwe kauli, "leo nafukuzwa", kisha andika unaiamini kwa asilimia ngapi.

Ushahidi uwe mambo yaliyotokea. "Najisikia vibaya" si ushahidi. Miezi mitatu hii ameita watu kwa ajili ya nini? Umepewa onyo lolote la maandishi? Ndipo uandike wazo jipya, na lisiwe tamu kuliko ukweli. "Kila kitu kitakuwa sawa" akili yako itaikataa. "Mara nyingi huita kwa ajili ya ripoti; kama kuna kosa nitaambiwa na nitalishughulikia" inaaminika. Hofu ikishuka kutoka 85 hadi 60, zoezi limefanya kazi. Usisubiri sifuri.

Kijana wa Tanga:
Mkuu vaa rababendi mkononi, wazo baya likija ivute ikuchape. Na waza chanya tu.

Mnasihi wa Moro:
Mkuu hapo sikubaliani na wewe. Kujichapa ni kulikataza wazo kwa njia nyingine, na kunaifundisha akili kwamba wazo lenyewe ni hatari. Wazo si hatari. Ni kauli tu, inaweza kuwa kweli au uongo.

Dada Saikolojia:
Daftari peke yake halitoshi. Mtoa mada, angalia unafanya nini hofu ikija. Unasoma ujumbe wa bosi mara kumi? Unamuuliza mwenzako "unadhani amekasirika"? Unapiga nyumbani kuhakikisha wote wazima? Vyote hivyo vinatuliza kwa dakika chache, halafu akili inahitimisha kwamba umepona kwa sababu ulihakikisha. Hairuhusiwi kamwe kujifunza kwamba hatari haikuwepo. Hiki ndicho kinachofanya wasiwasi udumu miaka.

Basi fanya majaribio. Kabla ya kuingia ofisini andika utabiri wako kwa sentensi moja, ingia bila kumuuliza mtu, ukitoka andika kilichotokea. Anza na mambo yenye hofu ya 30 au 40. Ukianza na la 90 utakimbia, na kukimbia kutaithibitisha hofu.

Kwa wasiwasi wa kutwa nzima, utengee muda wake: dakika 20, saa ile ile, mfano saa 12 jioni, kwenye kiti, si kitandani. Wazo likija mchana liandike kwa mstari mmoja, uliambie "saa 12", urudi kwenye kazi. Muda ukifika, lenye la kufanya liandikie hatua ya kwanza na siku yake. Lisilo na la kufanya lisome, liache. Saa 9 usiku fanya vivyo hivyo, na usitazame saa. Ukiona usingizi umegoma, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu mpaka usinzie.

Tabibu Mstaafu:
Nyongeza, wanangu. Moyo kwenda mbio si wasiwasi kila mara. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi huleta dalili hizo hizo. Kapime kwanza. Hospitali waombe dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7: maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla ya alama 21. Ukifika 10, onana na mtaalamu. Yakija mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Na anayerudia kunawa au kukagua kufuli bila kikomo asitumie daftari hili peke yake. Kutafuta ushahidi kunaweza kugeuka marudio mengine. Tatizo lile lina tiba yake.

Mtafuta Utulivu:
Asanteni sana. Nijaze mara ngapi kwa siku?

Mnasihi wa Moro:
Tukio moja linatosha, lijaze siku hiyo hiyo kabla hujasahau maneno yaliyopita kichwani. Wiki ya kwanza jaza safu tatu za mwanzo tu. Ukishaweza kulinasa wazo bila kulichanganya na tukio, ongeza ushahidi.