Cheni na spoketi (zile gia za meno) za Boxer: ninunue seti nzima, yaani cheni na spoketi zote mbili, au nibadilishe cheni peke yake?

Kijana_wa_Chanika

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada wa wenye uzoefu na pikipiki za biashara maana nimezungushwa na mafundi mpaka kichwa kinauma. Napiga bodaboda huku Chanika, chombo ni Boxer BM 150 ya mkataba, yaani namlipa tajiri mwenye pikipiki kidogo kidogo mpaka iwe yangu, na bado sijamaliza marejesho. Ruti zangu lami ni kidogo tu halafu naingia Msongola, Mvuti, huko ndani kiangazi ni mchanga na vumbi, mvua ikinyesha ni tope mtindo mmoja.

Shida ni cheni. Nikikaza leo baada ya siku chache imelegea tena, na sasa bolti za kurekebishia zimefika mwisho, tairi hairudi nyuma tena. Nikibeba mtu nikapanda mlima inaruka, kraa! mpaka abiria anashtuka ananikamata mabega. Na haina muda mrefu tangu iwekwe.

Sasa fundi wa kijiweni anasema tupunguze pingili, nimpe elfu 3 yaishe. Mwingine anasema ninunue cheni tu elfu 15, spoketi bado nzuri. Nimeenda Kariakoo kuulizia seti yote, duka la kwanza elfu 45, duka la pili elfu 25 na boksi ukiziweka pamoja huoni tofauti. Kwa siku natakiwa nipeleke elfu 10 kwa tajiri, hapo bado mafuta na hela ya nyumbani, kwa hiyo elfu 45 kwangu siyo hela ndogo. Je seti ni lazima? Na ya bei rahisi nitaitambuaje kama ni feki? Na kwa haki, hii gharama ni yangu au ya tajiri?

---

Fundi_Kirumba

Mdogo wangu pole na kazi. Mimi nashika spana Mwanza miaka mingi na pikipiki nyingi zinazokuja kwangu tatizo ni hili hili.

Kwanza hilo la kupunguza pingili likatae kabisa. Watu wanadhani cheni inavutika kama mpira, haivutiki. Kinachotokea ni kwamba kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi (kibomba kidogo), vumbi likiingia pale pini inalika na bushi inalika, kidogo kidogo, lakini cheni ina pingili zaidi ya mia kwa hiyo ile nafasi ndogo ndogo ukijumlisha unaona cheni imerefuka. Ukikata pingili mbili cheni kweli inakuwa fupi, bolti zinapata nafasi, ila zile pingili zilizobaki kila moja bado ni ndefu kuliko inavyotakiwa, haziketi tena kwenye bonde la meno, zinapanda juu ya jino. Ndiyo hiyo kraa unayoisikia. Elfu 3 yako itakaa wiki, na muda huo inakumalizia spoketi.

Kuhusu cheni peke yake. Ile cheni iliyolika imeshayachonga meno yafanane nayo. Angalia spoketi ndogo kwanza, fungua kava la pembeni ya injini upande wa gia uione, yenyewe inazunguka mara nyingi kuliko ile kubwa kwa hiyo ndiyo inayowahi kufa. Jino zima ni nene na pande zake zinalingana, lililokufa limechongoka limelalia upande mmoja kama msumeno. Ukifunga cheni mpya juu ya meno ya hivyo, mzigo wote unabebwa na pingili chache badala ya kugawana, na cheni ya elfu 15 inafanana na ya zamani ndani ya muda mfupi sana. Ninavyoona mimi hicho ndicho kilichokupata mara iliyopita, waliweka cheni mpya wakaacha spoketi za zamani.

Kama unataka uhakika usitegemee maneno ya fundi, chukua rula. Cheni ya saizi 428 kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini inayofuata ni milimita 12.7. Ivute iwe imekaza, hesabu nafasi 20, ikiwa mpya inasoma 254. Ikifika 259 hiyo imekwisha, usiikaze tena.

---

Mzigo_wa_Moro

Fundi namheshimu ila kwenye seti nzima kila mara mimi sikubaliani sana, tuwaangalie na wenye kipato kidogo. Napakia mboga kutoka Mgeta kuleta mjini Morogoro, milima ile kila mtu anaijua, na huku kwetu wengi tunabadili cheni pamoja na spoketi ndogo, ile kubwa tunairuka mara moja kama meno bado yamesimama. Spoketi ndogo ni bei rahisi, haifiki hata robo ya seti. Ukiwahi kubadilisha kabla cheni haijalika sana ile kubwa inavumilia cheni mbili bila shida. Shida ni wale wanaosubiri mpaka iruke.

Kingine ndugu wa Chanika, ukienda dukani watakushawishi uchukue spoketi kubwa yenye meno mengi ili ipande mlima vizuri. Kwangu inanifaa kwa sababu napanda na mzigo mzito lakini wewe huko milima si kama ya kwetu usikubali. Piga hesabu, ukiwa na 14 mbele na 42 nyuma spoketi ya mbele inazunguka mara 3 tairi izunguke mara moja. Ukiweka 45 nyuma inakuwa mara 3.2 na kitu, yaani kwa mwendo ule ule injini inakimbia zaidi kama asilimia 7, mafuta yanaongezeka na kila kitu kinasaga zaidi, na cheni ya zamani inaweza isifike ukatakiwa ununue ndefu. Hesabu meno ya zile zako uchukue idadi ile ile iliyokuja na pikipiki.

---

Fundi_Kirumba

Mzigo wa Moro hapo uko sahihi, na mimi sijasema spoketi kubwa itupwe ikiwa nzima. Ila huyu wa kwake inaruka tayari na bolti zimefika mwisho, huyo ameshapita hatua ya kuwahi. Kwa hali hiyo seti.

Nimesahau swali la feki. Cheni nenda na moja iliyoandikwa 428H, hiyo H maana yake vibati vya pembeni ni vinene zaidi ya 428 ya kawaida, na maandishi yawe yamegongwa kwenye vibati vyenyewe siyo kwenye boksi tu. Ishike kwa kiubavu uinyooshe mbele yako, nzuri inajikunja kidogo, mbovu inaanguka chini kama kamba ilhali bado ni mpya. Inyanyue pia usikie uzito. Spoketi omba uguse jino kwa tupa ndogo, jino lililopigwa moto vizuri tupa inateleza, chuma laini tupa inakula papo hapo. Muuzaji akikukatalia kugusa jino moja kwa tupa ondoka, maduka ya spea Kariakoo hayaishi.

---

MamaVyombo

Wanangu naomba niseme kama mwenye pikipiki, ninazo mbili vijana wanaziendesha, moja ya hesabu ya siku, kijana ananiletea hela kila siku na chombo kinabaki changu, na moja mkataba.

Kwenye hesabu ya siku kwangu iko wazi: oili, pancha na bulb ni ya kijana, cheni na spoketi, tairi, injini ni yangu. Kwenye mkataba mara nyingi kila kitu ni cha dereva kwa sababu chombo kitakuwa chake, ndivyo tulivyoandikiana na nadhani na wewe mwanangu ni hivyo, soma karatasi yako. Lakini hata huyo wa mkataba cheni inapofika hatua ya kuruka mimi humwambia nunua seti, siku hizo mbili tatu za marejesho tutazisogeza mbele. Siyo huruma peke yake, na mimi naangalia mali yangu. Cheni ikikatika ukiwa kwenye mwendo inaweza kujisokota kwenye spoketi ndogo ikapasua kava la injini, hapo unaongelea hela nyingine kabisa, au ikakaba tairi la nyuma mkaanguka wewe na abiria wa watu. Mpelekee tajiri wako hiyo cheni aione kwa macho, mwonyeshe meno, muombe kwa adabu. Wengi tukielezwa tunaelewa, tunachochukia ni kuletewa chombo kimeshaharibika.

Na bei mimi siiangalii dukani, naiangalia kwa mwezi. Tuseme ya elfu 25 inakaa miezi mitatu, ukiongeza ufundi elfu 5 hiyo ni elfu 10 kwa mwezi. Ya elfu 45 ikakaa miezi minane, na ufundi elfu 5, ni elfu 6 na mia mbili hamsini kwa mwezi. Na kila ukipeleka kwa fundi kuna nusu siku ya kazi imepotea, hiyo watu hawaihesabu kabisa.

---

Nduthi_ya_Kitale

Salamu kutoka Kitale. Huku seti ya Boxer inacheza kati ya 1,500 na 2,500 pesa za Kenya kulingana na duka kwa hivyo tunaumia pamoja tu. Nataka kuuliza ndugu wa Chanika, ile kava ya cheni bado iko ama uliitoa? Hapa stage yetu karibu kila mtu ameitoa, wanasema inapiga kelele na inasumbua wakati wa kukaza. Sasa barabara zetu ni murram na wakati wa mvua ni matope hadi magoti, cheni iko wazi inakula mchanga kutoka asubuhi hadi jioni. Mimi nilirudisha yangu, nikaweka raba kwenye zile bolti ikaacha kelele, na tofauti naiona wazi kabisa. Kava iliyofunika cheni yote inaongeza maisha ya cheni kuliko mafuta yoyote utakayouziwa. Kama ilitupwa tafuta hata ya mtumba, bei yake si kubwa ukilinganisha na seti nyingine.

---

Kijana_wa_Chanika

Nawashukuru sana wote, Mungu awabariki. Mama shikamoo, karatasi nimeisoma ni kweli matengenezo yote ni ya dereva ila nimempigia tajiri nikamweleza kama ulivyosema, kakubali nisogeze marejesho ya siku mbili. Ndugu wa Kitale kava haipo, nilikabidhiwa chombo kikiwa hakina, nitatafuta. Spoketi ndogo nimeifungua nimeiangalia, meno yote yamelala kama alivyosema fundi, na kwenye rula nimepata 261. Kwa hiyo kesho naenda kuchukua ile ya elfu 45, tupa nitabeba.

Fundi nimalizie hapo kwenye mafuta. Kijiweni sote tunapaka oili chafu iliyomwagwa kwenye injini kwa sababu ni ya bure. Niendelee nayo? Na nikaze kiasi gani?

---

Fundi_Kirumba

Oili chafu acha. Ile imetoka kwenye injini ina unga wa vyuma na masizi, unaupeleka mwenyewe kwenye pini. Grisi nzito nayo usipake kwa nje, inakamata mchanga inakuwa kama msasa na ndani kwenye pini haifiki. Nunua oili ya gia namba 90, chupa moja inakaa muda mrefu. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, halafu dondoshea oili kwa upande wa ndani ya cheni, ule unaogusa meno, huku unazungusha tairi taratibu kwa mkono na injini IMEZIMWA, vidole vya watu vimebaki kwenye spoketi kwa kufanya hii kazi injini inaunguruma. Acha iingie usiku mzima, asubuhi futa ya nje kwa kitambaa. Kwa vumbi la huko fanya kila wiki, na siku ya tope fanya jioni hiyo hiyo.

Kukaza, usikaze ikawa kama waya wa umeme, wengi wanaua beringi za habu (kile kitovu cha tairi) na shafti ya gia hivyo. Zungusha tairi utafute pale cheni inapokaza zaidi, maana hailiki sawa kote, hapo ndipo unapopima. Katikati, sehemu ya chini, ichezee kwa kidole iwe inapanda na kushuka kama milimita 20 hadi 30. Hakikisha alama za kushoto na kulia pale kwenye ekseli zimelingana, zikipishana cheni inaenda upande na spoketi inalika ubavuni. Fundi akifunga loki ya cheni (pingili ya kuunganishia yenye klipu) simama umwangalie, upande ulio wazi wa klipu uangalie kinyume na cheni inakoelekea, usiangalie inakoelekea, ukiangalia huko klipu ikigonga kitu inachomoka. Akishatoa tairi mwambie akague na raba za ndani ya habu, zikiwa zimekufa cheni mpya itakuwa inapigwa mateke kila unapovuta moto.

Mpya italegea kidogo mwanzoni, hiyo ni kawaida, ikaze mara moja baada ya wiki ya kwanza kisha uipime kwa rula kila mwezi. Na mishikaki punguza kaka, watu watatu juu ya Boxer kwenye mchanga wa Mvuti hiyo cheni hata ikiwa ya elfu 45 haifiki mbali.