Naomba ushauri: mwanangu anataka kuiacha Simba na msimu ndio kwanza unaanza

Wakuu, habari zenu. Mimi ni Simba damu, naishi Temeke. Mara ya mwisho tumebeba ligi ni 2021, halafu watani wetu Yanga wakachukua mara nne mfululizo hadi 2025. Mei 2025 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, RS Berkane wakatupiga 2-0 kwao Morocco, marudiano uwanja wa Amaan, Zanzibar, tukaishia 1-1. Uwezo tunao, hilo silitilii shaka. Hofu yangu ni usajili: kila dirisha tunabomoa kikosi, wachezaji wanakuja kuzoeana ligi ikiwa imeshachanganya.

Sasa dogo wangu yuko darasa la tatu, hajawahi kuona Simba bingwa akiwa na akili zake. Shuleni wanamtania. Juzi kaikunja jezi nyekundu kaisukumia chini kabisa ya begi, anasema ataivaa tukishinda. Iliniuma sana.

Nimpeleke uwanja wa Mkapa siku ya mechi ya watani aone uwanja unavyowaka, au nianze na mechi nyepesi? Tukifungwa na Yanga mbele ya macho yake, nahisi nimempoteza. Na mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, unamfaa mtoto, au nijikamue nikate VIP? Wazazi mliopitia hili, naombeni mawazo yenu.