Picha za biashara na picha za sanaa: nitenge siku, nitumie dakika za mwisho, au niajiriwe?

BintiLenzi
Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya picha Tandika, Dar es Salaam, huu mwaka wa sita. Kinacholipa kodi ya chumba cha studio ni pasipoti, mahafali, sendofu na familia wakati wa sikukuu. Lakini kazi iliyo moyoni ni nyingine: mafundi cherehani wakiwa wamevaa nguo ambazo wateja waliozishonesha hawakurudi kuzichukua. Kwa miaka miwili nimepiga tisa tu. Ya mwisho ni mama mmoja ndani ya suti ya kiume, mikono ya koti imemfunika hadi vidole, chaki ya fundi bado iko begani na pini tatu kwenye pindo. Nikiitazama nasahau hata kula. Ila wikiendi zote ni harusi, na siku za katikati ni kuediti hizo harusi.

Nafikiria njia tatu: kufunga Jumatatu iwe ya sanaa, kutumia dakika za ziada mteja akishamaliza, au kuajiriwa, mshahara ulishe tumbo na kamera yangu ibaki ya sanaa. Mliopitia, ipi inadumu?

Kirumba_Boy
Mkuu, mimi nilifunga Jumanne. Wiki ya tatu akaja mtu anataka pasipoti ya haraka, nikafungua. Ukishafungua mara moja, siku hiyo imekwisha. Kilichonisaidia ni miadi: mtu anakungoja kwake saa fulani, huwezi kumtupa.

MzeeWaNegativu
Binti yangu, njia ya pili ina historia ndefu. Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga pasipoti na harusi. Filamu ikibaki na picha chache, na mteja anataka zake kesho, badala ya kuzitupa alijipiga mwenyewe usiku, akavaa, akajipanga, nyingine akamtumia bibi yake Nigeria. Picha hizo zilikuja kuonyeshwa Bamako, Mali, mwaka 1994 na dunia ikamjua. Miaka mitatu baadaye Tati, duka la Paris, likamwagiza kazi, na humo ndimo ilimotoka ile picha yake akiwa chifu mwenye ngozi ya chui na maua ya alizeti mkononi. Kwa hiyo oda ya duka ilizaa sanaa. Mimi nisingeweka ukuta kati ya hivi viwili.

Na Seydou Keïta wa Bamako, aliyeanza studio yake 1948, picha zake zilizosifiwa kama sanaa ni zilezile za studio. Wengi waliomo walikuwa wateja wa kulipa, na pazia lake la kwanza la nyuma ya mteja lilikuwa shuka la kitandani kwake.

Kirumba_Boy
Mzee, ila Fosso alijipiga mwenyewe. Mteja aliyechoka na watoto wanaolia hana dakika kumi za kukupa. Na akikupa, muombe ridhaa ya maandishi kabla sura yake haijaenda kwenye maonyesho.

MwanaMombasa
Dada, kuna njia hujaitaja: sanaa ndiyo iwe tangazo lako. Hapa kwetu Kenya, mpiga picha Osborne Macharia aliwapiga mabibi wazee waliovalishwa kitajiri, hadithi aliyoitunga mwenyewe. Kazi za namna hiyo ndizo zilizofanya kampuni zimtafute. Bandika huyo mama wa suti mlangoni, toa picha moja ya maharusi.

Afisa_Picha
Nimeajiriwa miaka minne kitengo cha habari cha taasisi moja. Mshahara unaingia kwa wakati, hilo silikatai. Lakini mkataba unasema kila picha ninayopiga kazini ni yao, na jioni narudi nimeshapiga semina mbili, macho yamechoka kutazama nyuso. Tangu niajiriwe sijamaliza hata mfululizo mmoja. Kama lazima, soma mkataba hadi mstari wa mwisho.

BintiLenzi
Mzee, shikamoo na asante sana. Afisa, umenisaidia kuifuta njia ya tatu. Jumatatu nayo naiacha. Naanza na miadi. Nimeshampigia fundi mmoja wa Mbagala, tumekubaliana Alhamisi saa moja asubuhi kabla hajafungua. Ana gauni la harusi lililoshonwa 2019 na bibi harusi hakurudi. Nitambebea taa zilezile ninazowapigia maharusi Jumamosi.