Tupeane uzoefu: walimu wa kingereza mnaotumia nyimbo kufundisha kusikiliza

Mwl wa Kata: Wakuu habarini. Nafundisha Form One huku Kanda ya Ziwa, watoto wametoka primary za kiswahili, kingereza kwao kilikuwa somo tu halafu ghafla bailojia kingereza, jografia kingereza, yani kila kitu. Kusoma wanajikongoja ila ukiongea spidi ya kawaida wanabaki wanakutolea macho. Nimeanza kuwapigia nyimbo kwa simu na spika ya bluetooth. Nilichogundua ukiandika wimbo wote ubaoni hakuna anayesikiliza, wanasoma tu, so naandika ubeti mmoja na kuacha mapengo, raundi ya kwanza kalamu chini, ya pili ndo wanajaza. Nyie mnafanyaje?

Teacher Moro: Mapengo usiweke hovyo mkuu. Wengi wanatoa maneno makubwa makubwa, mi natoa yale madogo, to, of, him, and, maana hayo ndo yanamezwa. Watoto wetu wamezoea kiswahili kila silabi inatamkwa yote, sasa mzungu akiunganisha "want to" ikawa wanna wao wanatafuta neno jipya kwenye dikshenari 😂 Pia miisho, walk na walked kwao zinasikika sawa kabisa, hapo narudisha nyuma kile kipande mpaka mtu aikamate ile t ya mwisho, maana ed ya walked inatamkwa t.

Mwalimu wa Nakuru: Huku Kenya paper one ya English ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, iko na cloze test so hiyo ya mapengo wanaichukua serious sana. Mimi nachezea wao country, Jim Reeves na Kenny Rogers, hizo ngoma wamezisikia kwa redio ya nyumbani tangu wakiwa wadogo. Jamaa anatamka pole pole, ala hazimfuniki, na kuna stori ndani. Rap wachana nayo, hata mwenye lugha yake anapotea.

Mama Wawili: Samahani naingilia, mi mzazi tu. Wangu anaimba nyimbo za Marekani mwanzo mwisho kama kasuku, muulize hapo kasema nini, anacheka. Sasa huko kusikiliza kuko wapi?

Teacher Moro: Mama una hoja, kuimba ni kitu kingine kabisa. Ndo maana swali linatangulia wimbo. Kabla sijabonyeza play nauliza, sikilizeni nani anaondoka na nani anabaki, basi. Asiyeweza kujibu hilo hajasikia hata kama kiitikio anakijua chote. Na majibu napokea hata kwa kiswahili, napima masikio sipimi grama.

Dogo wa Forodhani: Mi natembeza wageni Zenj, kingereza changu nusu nimekitoa kwenye nyimbo. Zinasaidia ila jueni mtu akiimba anavuta maneno, mtu akiongea havuti. Nilikuja kupata mgeni wa Scotland nikaona kama naanza upya 😅 changanyeni na watu wanaoongea kawaida, hata taarifa ya habari.

Mwl wa Kata: Nimewapata, jumatatu najaribu hiyo ya swali kwanza. Ila darasa langu ni 80 na kitu, wa nyuma wanasikia mvumo tu, na umeme wetu mnaujua. Hapo mnatokaje?

Mwalimu wa Nakuru: Gawanya class, nusu nje wafanye zoezi nusu ndani wasikize, halafu wanabadilishana. Stima ikipotea imba mwenyewe mwalimu, si unaenda kwaya?